Akiba Haiozi: Chatini ya Krismasi katika Nyumba ya Askari

Sikukuu ya Krismasi ina ugumu wake katika nyumba ya askari. Tarehe yake haisogei, na zamu ya kazi nayo haisogei. Siku ambayo jamaa nyingine hukusanyika mezani ndiyo siku ambayo polisi husimama barabarani ili wasafiri wafike salama, na ndiyo siku ambayo mwanajeshi hukaa penye lindo lake, mpakani au ng'ambo, mbali na harufu ya jiko la kwake. Wali ukipoa hauwi tena wali wa sikukuu. Nyama ikilala huliwa kesho yake kwa kuwa ni nyama tu. Kwa hiyo, mwenye nyumba anayemngojea mtu wa zamu hana budi kujiuliza: ni kitu gani cha Krismasi kinachoweza kungoja?

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Kamembe, katika wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo wazee bado huiita Cyangugu. Kabla ya kuingia ofisini nilifundisha shule ya msingi, na cheti changu ni cha ualimu. Nimeolewa na mwanajeshi, na Mungu ametujalia watoto watatu. Katika miaka ya ndoa yetu, Krismasi ambazo mume wangu aliketi nasi mezani tarehe 25 Desemba ni chache kuliko zile ambazo kiti chake kilikuwa kitupu. Silalamiki, ndiyo kazi aliyoiapia. Lakini nimejifunza kitu kimoja ambacho naona chafaa kuandikwa kwa ajili ya nyumba zilizo kama yetu, nacho ni utengenezaji wa chatini.

Chatini ni kitoweo cha kando ya sahani. Jina lake limetoka katika lugha ya Kihindi, katika neno lenye maana ya kulamba, na kweli anayeionja hulamba vidole. Huko India, chatini nyingi hupondwa na kuliwa siku hiyo hiyo, mbichi, kama ilivyo chatini ya nazi ya ndugu zetu wa pwani. Waingereza walipokaa India waliipenda, wakataka kuisafirisha hadi kwao, nao wakaona kwamba matunda yakipikwa pamoja na siki na sukari nyingi hustahimili safari ndefu ya meli. Tangu hapo chatini ya kupikwa ikawa kitu cha Krismasi katika nyumba nyingi za Uingereza, inayoliwa na nyama baridi iliyobaki kesho yake ya sikukuu. Msomaji asiichanganye na achari. Achari ya embe au ya ndimu, ambayo Unguja na Mombasa ni maarufu kwayo, hutegemea zaidi chumvi, jua, mafuta na viungo vikali. Chatini ninayoieleza hapa hutegemea moto, siki na sukari.

Mimi sikuipata kwa Waingereza wala kwa Wahindi. Niliipata katika mtaa wetu. Kamembe, kama miji mingi ya biashara ya nchi za Maziwa Makuu, ina jamaa za Waislamu ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani mwao, na ambao babu zao walifuata njia za wafanyabiashara kutoka upande wa Ujiji na pwani. Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo makubwa, huitengeneza kila mwaka kwa ajili ya pilau ya Iddi. Mwaka wa kwanza nilipohamia mtaa huo alinikuta naifunika sahani ya wali usiku wa Krismasi, nikisema pengine Baba wa watoto atapata ruhusa ya ghafla. Akaitazama ile sahani, kisha akaniambia:

"Mwalimu, mwanangu, mtu wa zamu hawekewi wali. Mwekee kitu kinachozidi utamu akichelewa."

Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, alinikaribisha jikoni kwake. Yeye hufunga Ramadhani na mimi hufunga Kwaresima, lakini sufuria yetu ilikuwa moja, na hadi leo kila mmoja humpelekea mwenzake chupa ya sikukuu yake.

Maana ya maneno yake niliiona sawasawa mwaka 2020. Msomaji anakumbuka mwaka huo. Mwezi wa Machi mipaka ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwezi wa Juni, wakati sehemu nyingine za nchi zilipoanza kufunguliwa, safari za kuingia na kutoka Rusizi zilizuiwa. Sisi wa Kamembe tumezoea kuwaona akina mama wakiteremka asubuhi na vikapu kichwani kwenda kuuza matunda na mboga Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi. Hata mwezi wa Novemba mpaka ulikuwa bado umefungwa kwa wapitaji wa kawaida. Maembe ya Bugarama yalipoanza kuja sokoni, wanunuzi wa ng'ambo hawakuwapo. Niliona maembe mazuri yakilainika kwenye mikeka, na wenyewe wakiyatazama kama mtu anayeitazama mvua inayolowesha mpunga ulioanikwa.

Mwaka huo huo mume wangu alikuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, pamoja na jeshi la Umoja wa Mataifa la kulinda amani. Askari wa Rwanda wamo katika ujumbe huo tangu mwaka 2014. Uchaguzi wa nchi ile ulipangwa kufanyika tarehe 27 Desemba, siku mbili tu baada ya Krismasi, na kabla siku hiyo haijafika redio ingetangaza kwamba vikundi vya waasi vimeungana na vinaelekea mji mkuu wa Bangui. Katika hali kama hiyo, mwenye kubaki nyumbani hana silaha yoyote isipokuwa kazi za mikono. Basi nilinunua maembe kikapu kizima, nikawasha jiko.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana hadithi bila kipimo haimfai mpishi.

Tafuta maembe yaliyokomaa lakini bado magumu, yale ambayo ukiyabonyeza hayabonyei. Embe bivu sana hugeuka kuwa uji. Embe changa sana huwa kali na lenye nyuzi. Osha, menya, kata vipande vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Utomvu wa embe huwasha ngozi ya watu wengine, kwa hiyo osha mikono mara umalizapo, wala usijiguse macho. Baada ya kumenya na kutoa kokwa, upate kilo 2 za nyama ya embe. Pamoja nayo uwe na:

Vitunguu maji gramu 400, vilivyokatwa vidogo; sukari gramu 900; siki nyeupe ya dukani, yenye ukali wa asilimia 5, nusu lita na robo, yaani mililita 750; tangawizi mbichi iliyosagwa, vijiko 3 vya chakula; vitunguu saumu punje 6; pilipili 2 au 3, kwa kadiri ya ushujaa wa nyumba; chumvi vijiko 2 vya chai; kijiti kimoja cha mdalasini; na karafuu 5. Zabibu kavu konzi moja huongeza sura ya sikukuu, lakini zikikosekana hakuna kilichoharibika. Mwenye kutumia pilipili zetu ndogo za urusenda aanze na moja tu.

Sufuria nayo ina neno lake. Siki hula alumini, na chatini iliyopikwa katika sufuria ya alumini hupata ladha ya chuma. Tumia sufuria ya stili, ile isiyoshika kutu, na mwiko wa mti. Tia siki na sukari kwanza, koroga juu ya moto mdogo hadi sukari iyeyuke yote, ndipo uongeze kila kitu kilichobaki. Ikichemka, punguza makaa. Iache itokote polepole, bila kifuniko, kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu. Nusu saa ya kwanza unaweza kuhangaika na mambo mengine. Nusu saa ya mwisho usiondoke, maana sukari huzama chini na kuungua bila kukuita. Mvuke wa siki huchoma macho. Fungua dirisha, na watoto wadogo wakae mbali.

Utajuaje kwamba imeiva? Pitisha mwiko katikati ya sufuria hadi uone chini. Ikiwa ile njia inajaa maji mara moja, bado. Ikiwa inabaki wazi kwa kitambo kabla ya kujifunga taratibu, epua. Usingoje iwe ngumu kama unavyotaka kuiona mezani, kwa kuwa ikipoa huzidi kushikamana.

Hapa nataka msomaji wa nyanda za juu anisikilize kwa makini. Vitabu vingi vya mapishi vimeandikwa na watu wa mahali palipo karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka katika nyuzi 100. Kamembe tuko juu ya mita 1,500, na kwetu maji huchemka karibu na nyuzi 95. Maji yetu yanaruka na kutoa mapovu kama ya watu wa Mombasa, lakini joto lake ni pungufu. Ndiyo maana maharage ya Rusizi hukaa motoni zaidi kuliko ya pwani, na ndiyo maana chupa zetu zahitaji muda zaidi. Chukua chupa za kioo zenye mdomo mpana, zisizo na ufa, pamoja na vifuniko vipya au visivyo na kutu. Zioshe kwa sabuni, kisha zichemshe ndani ya maji kwa robo saa nzima. Zijaze chatini ingali ya moto, ukiacha nafasi ya upana wa kidole juu. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, funga, kisha zirudishe chupa zilizojaa katika sufuria ya maji yanayochemka, maji yakizifunika, kwa robo saa nyingine. Weka kitambaa chini ya sufuria ili kioo kisigonge chuma. Zikishapoa, bonyeza katikati ya kifuniko: kikiwa kimezama na hakitoi mlio, hewa imefungiwa nje. Kikiruka na kulia, chupa hiyo iliwe kwanza, wala isitunzwe.

Tena usipunguze siki eti kwa sababu familia haipendi ukali. Siki si ladha tu, ni mlinzi. Kuna vijidudu vya sumu ambavyo hupenda mahali pasipo hewa, hasa ndani ya chupa iliyofungwa, lakini haviwezi kutoa sumu yake penye uchachu wa kutosha. Anayetaka utamu zaidi aongeze sukari, siki abaki nayo vile vile. Na chupa ikikutwa imevimba kifuniko, au inatoa povu, au ina harufu ngeni, itupwe bila kuonjwa. Kipimo nilichotoa hujaza chupa 6 au 7 za gramu 400.

Chatini siku ya kwanza ni kali na haina amani: siki inasema hivi, pilipili inasema vile. Baada ya wiki nne kabatini, mbali na jua, husikilizana. Kwa sababu hiyo mimi huipika kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba. Majuma yale yale ambayo Wakristo huyatumia kungojea Noeli ndiyo majuma ambayo chatini huyatumia kukomaa. Watoto walilielewa jambo hili upesi kuliko mahubiri mengi.

Chupa za mwaka 2020 zilikuwa 7. Binti yetu mkubwa ndiye aliyeandika vibandiko, tarehe na jina la tunda, kama nilivyomfundisha. Juu ya chupa moja aliandika: Ya Baba. Siku ya Krismasi, ambayo ilikuwa ya amri ya kutotoka nje usiku na ya kanisa lenye watu wachache, tulikula wali wa Bugarama kwa kuku, na chatini pembeni. Mdogo wake alitaka chupa ya Baba ifunguliwe, kwa kuwa ndiyo iliyojaa vizuri zaidi. Dada yake akamzuia. Yule mdogo akauliza, "Na asiporudi?" Mezani kukawa kimya. Sikuwa na jibu la mwalimu. Nikamwambia kwamba chupa hiyo inaweza kungoja mwaka mzima, na kwamba sisi nasi tunaweza.

Tarehe 13 Januari 2021 waasi walishambulia pembezoni mwa Bangui, na mlinzi wa amani mmoja kutoka Rwanda akauawa. Nilisikia habari hiyo kabla ya kusikia sauti ya mume wangu. Wake wa askari wanaosoma ukurasa huu wanajua saa hizo zina urefu gani, nami sitajaribu kuzieleza. Usiku simu iliita, ikawa ni yeye. Katika nyumba nyingine ya Rwanda simu hiyo haikuita, nami siwezi kuitaja furaha yangu bila kuikumbuka nyumba hiyo.

Mume wangu alirudi katika Kwaresima ya mwaka huo. Siku ya Jumapili, ambayo mfungo hulegezwa, watoto waliitoa chupa kabatini, wakaiweka mbele yake bila kusema neno. Alisoma kibandiko, akasoma tarehe. Kifuniko kilipofunguka kilitoa ule mlio mdogo wa hewa kuingia. Chatini ilikuwa imegeuka rangi ya asali iliyokolea, na utamu wake, bila kusifu mkono wangu, ulizidi ule wa Desemba. Tulikula kwa isambaza za kukaanga za ziwa Kivu. Mume wangu alisema ameila Krismasi yake yote, haikupungua kitu.

Tangu hapo nimekuwa nikitengeneza chatini za namna mbili. Maembe yakiwa haba hutumia ibinyomoro, yale matunda mekundu yenye umbo la yai ambayo Wakenya wengine huyaita matunda ya damu. Yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, uyamenye ngozi, kwa kuwa ngozi yake ni chungu. Kisha fuata vipimo vile vile. Rangi yake nyekundu yaipendeza meza ya Krismasi kupita ya embe. Nayo huenda vizuri na nyama ya mbuzi ya kuchoma, chapati, viazi, hata na maharage matupu. Mume wangu asema kijiko kimoja juu ya mahindi na maharage ya kambini humfanya askari akumbuke kwamba ana kwao.

Kwa upande wa fedha, jambo hili si la kupuuzwa. Desemba hufuatwa na Januari, na Januari ina karo ya muhula wa pili. Mwenye kupika chatini hununua matunda wakati yamejaa sokoni na bei yake iko chini, naye hupata zawadi za sikukuu za majirani bila kuingia dukani. Chupa tupu huzikusanya mwaka mzima kutoka kwa wenzangu wa ofisini. Kila anileteaye chupa mbili hupata moja ikiwa imejaa. Sukari ndiyo gharama kubwa, kwa hiyo mimi huinunua kidogo kidogo tangu Septemba.

Kwa jamaa za polisi, ambao zamu zao hukatika kwa saa badala ya miezi, nashauri watumie chupa ndogo. Chupa ikishafunguliwa yafaa ikae katika jokofu, au mahali pa baridi ikaliwe upesi, na kila achotaye atumie kijiko kikavu na safi. Chupa ndogo humfungukia mtu mmoja arudiye saa nane ya usiku, naye akajiona hakula mabaki ya wenzake. Hilo ndilo nililolikusudia tangu mwanzo. Mtu aliyekuwa akilinda sikukuu ya wengine hastahili kupewa makombo yake.

Wazee walisema akiba haiozi. Mimi nimeiona akiba hiyo ikiwa ndani ya chupa, nayo kweli haikuoza. Anayetaka kuanza mwaka huu na azihesabu siku zake: chupa zikusanywe Oktoba, maembe yanunuliwe katikati ya Novemba, sufuria iteremke kabla ya Majilio. Na kabla ya kufunga kabati, achague ile chupa iliyojaa vizuri kuliko zote, aandike jina la mwenye zamu.